Mwanamke, mwanamama, jimama, demu: dharau iko kwenye neno au kwenye kiambishi?

Kalamu Nyekundu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba neno "mwanamke" ni tusi. Hoja yao: limeundwa na "mwana", yaani mtoto, na "mke", kwa hiyo ukimwita mtu mwanamke umemwambia ni mtoto aliyeolewa. Wanashauri tuandike "mwanamama" badala yake.

Redio za jamii zinataka ukurasa mmoja wa maneno kabla ya tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani: lipi litumike hewani, lipi liachwe, na kwa nini. Ukurasa mmoja tu, kwa sababu mwongozo wa kurasa 40 hakuna mtangazaji anayeufungua dakika kumi kabla ya taarifa ya habari. Naomba michango yenye mifano ya sentensi. Mambo ya "wanawake wa siku hizi" yana majukwaa yake.

Ngeli ya Kwanza

Huo ujumbe ufutwe. Anayeusambaza ajiulize kwanza kuhusu "mwanamume": mwana + mume. Je, naye ni mtoto aliyeoa? "Mwana" hapo ni mtu wa jamii fulani, kama kwenye mwananchi, mwanasheria, mwanajeshi, mwanakijiji. Na "-ke" ni mzizi wa jinsia kabla ya kuwa habari ya ndoa. Uone ulivyosambaa: mke, jike, uke, kike. Upande wa pili: mume, dume, uume, kiume. Seti mbili zinazolingana, hakuna aliyepunjwa.

Tena anayekwenda kombo kisarufi ni mwanamume. Wingi wake ni wanaume (wana + waume, silabi ya "wa" ikamezwa). Watu wakachukua huo wingi, wakaunyofoa "wa", wakaweka "mwa", likazaliwa "mwanaume". Leo linatumika kila mahali na silipingi. Lakini kwa kanuni hiyo hiyo tungekuwa na "mwanawake", na hakuna mtu anayesema hivyo. Mwanamke amebaki na umbo lake kamili.

Kwa hiyo kwenye ukurasa wako andika: mwanamke, wanawake. Ni neno la kawaida, la sheria, la sensa. Ulitilie shaka pale tu linapowekwa mahali ambapo mwanamume asingetajwa jinsia yake. "Rubani mwanamke atua salama." Kiswahili kina bahati ambayo lugha nyingi hazina: "ametua" haituambii kama ni yeye wa kike au wa kiume. Tukiamua kutaja, tuwe na sababu.

Mpwani Asilia

Naongezea la "mwana", maana waliolifasiri kuwa ni mtoto tu wamesahau huku kwetu. Lamu na Pate "Mwana" ni cheo cha bibi mwenye heshima zake, humtangulia jina. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utendi wake mwaka 1858, hakuitwa hivyo kwa utoto. Alikuwa mama mtu mzima akimuusia bintiye.

Maneno hupanda na kushuka. Mtazameni Siti binti Saad wa Unguja. Jina alilopewa alipozaliwa Fumba ni Mtumwa. "Siti", yaani bibi mheshimiwa, lilikuja baadaye, na ndilo lililobaki. Huyo neno limempandisha.

La kushuka ni "nyoko". Zamani ni "mama yako" basi, kama ambavyo "nina" ni mama kwenye mashairi mpaka leo. Halina herufi moja ya matusi ndani yake. Leo litamke sokoni uone utakavyotoka. Kwa hiyo ndugu zangu, anayetaka kujua kama neno linadhalilisha kwa kulipasua vipande, hatapata jibu. Neno ni kama kanga: kitambaa ni kile kile, shauri ni nani kampa nani, na jina lililoandikwa chini.

Mzee wa Gahawa

Mnatafuta mchawi pasipo na msiba. Mtoto wa mjini anaitwa demu, yeye mwenyewe anacheka, na rafiki yake wa kike anamwita demu vilevile. Sasa nyinyi mnataka nikae kijiweni niseme "mwanamke yule amenivutia kijinsia"?

Ngeli ya Kwanza

Mzee, kijiweni sema utakavyo. Swali ni la redio.

Ila kwa kuwa umeligusa, jaribu sentensi hii: "Jamaa aliyenifanyia upasuaji wa goti ni bingwa." Inapita vizuri. Sasa: "Demu aliyenifanyia upasuaji wa goti ni bingwa." Imegoma, si ndiyo? Jamaa, mshkaji na msela yanaweza kumtaja mtu akifanya kazi yoyote. Demu linamtaja mtu kwa namna mwanamume anavyomtazama, halafu kazi yake inaning'inia. Na kucheka kwake unapomwita si ushahidi. Mtu akiitwa hivyo na shoga yake ni jambo moja, akiitwa hivyo na mwajiri wake ni jambo lingine kabisa.

Nadhani jambo kubwa zaidi, ambalo mwongozo mwingi hauligusi, ni ngeli. Mtu ni ngeli ya kwanza: yule, amekuja, wangu. Kiswahili kinakuruhusu kumtoa mtu kwenye ngeli ya watu kwa njia mbili. Unampandisha hadi li-ya kwa kumkuza: jimama, janamke, jike. Au unamshusha hadi ki-vi kwa kumdogosha: kizee, kimada, kijike. Baada ya hapo kuna mlango wa pili, ambao ni upatanisho, yaani viambishi vya ngeli kwenye maneno yanayofuata. Linganisha:

Jimama yule amekaa kiti cha mbele.
Jimama lile limekaa kiti cha mbele.

Neno ni moja. Sentensi ya kwanza ina utani. Ya pili imemfanya gunia. Mhariri anayefuta "jimama" lakini akaacha "lile limekaa" kwenye sentensi inayofuata, hajafanya kazi.

Na maneno ya vitu yaliyogeuzwa watu, "pisi", "chombo", "mzigo", yana mtego huo huo. "Pisi imepita." Upatanisho unabaki ule wa kitu, na kitenzi kinachofuata mara nyingi ni cha kitu: kula, kutafuna, kupiga. Neno moja la mtaani huja na sarufi yake nzima mgongoni.

Sio kila ki- ni dharau, hilo liandikwe. Kimwana, kisura, kidosho, na Kibibi kama jina la mtoto, ni ki- ya mapenzi. Jozi inayouma ni mzee / kizee. Mwanamume akifika miaka 75 anaitwa mzee: ngeli ya kwanza, shikamoo zake zote. Mwanamke wa umri huo kwenye rasimu za habari anakuwa kizee au bikizee. Umri ni ule ule, mvi ni zile zile, lakini mmoja kavuka ngeli.

Mtangazaji wa Zamu (Nairobi)

Hapa kwetu vyombo vya habari vinapenda "ajuza". "Ajuza wa miaka 80 aporwa shamba." Wahariri wengine wanalitetea kwamba ni neno sanifu tu la mwanamke mkongwe. Sawa, lakini mwenzake ni "shaibu", na ni lini mmeona "shaibu wa miaka 80 aporwa shamba"? Mwanamume wa umri huo ni mzee au babu. Kwa hivyo ajuza litoke, tuseme "mwanamke mwenye umri wa miaka 80", au nyanya kama amehojiwa kama nyanya ya mtu.

Ya mtaani yako mengi: manzi, msupa, mresh. Hayo hayanisumbui sana nje ya taarifa ya habari. Linalonisumbua ni "chips funga", la msichana aliyetoka klabuni na mwanamume usiku. Ni chakula kilichofungwa kwa karatasi, kikabebwa. Limewahi kutumika hewani kama mzaha kwenye vipindi vya asubuhi, na anayecheka ni mtangazaji peke yake.

Lakini lililo kubwa kuliko hayo yote, na linatumika na watu wenye nia njema kabisa, ni kunajisi. Kenya tunalitumia kwa kosa la kumwingilia mtoto: "Mwalimu ashtakiwa kwa kumnajisi mwanafunzi." Limeshakuwa neno la mahakamani. Sasa lifikirie kwa Kiswahili chenyewe. Najisi ni uchafu wa kidini, unaozuia sala mpaka uoshwe. Aliyenajisiwa ndiye aliyechafuka. Mhalifu ametenda, na uchafu umeandikwa kwa mtoto.

Wakili wa Kata

Mtangazaji kagusa penyewe. Huku Tanzania Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 130, kosa linaitwa kubaka, na kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 ni kubaka hata kama inadaiwa aliridhia. (Kuna mwanya kwa mke wa miaka 15 na kuendelea ambaye hajatengana na mumewe, na huo ni mjadala wa uzi mwingine.) Kwa hiyo neno la kisheria lipo, ni fupi na halimpaki mtoto uchafu.

Kwenye maelezo yanayopelekwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi hukutana haya, na kila moja lina ubaya wake:

"Alifanya naye mapenzi." Inaonyesha makubaliano. Kwa mtoto wa miaka 13 hakuna mapenzi hapo.
"Alimharibu", "alimharibia maisha." Binti ameshahukumiwa kuwa mbovu kabla shauri halijasikilizwa.
"Alimchezea." Haijulikani alifanya nini. Askari hawezi kuandika shtaka kwa neno hilo, na wakili wa upande wa pili atalitumia kwamba mlalamikaji mwenyewe hakueleza tendo.
"Alibakwa alipokuwa akitoka disko saa 8 usiku." Angalia mtendaji yuko wapi. Hayupo. Kiambishi -w- kimemfuta, na nafasi yake imechukuliwa na disko na saa.

Marekebisho ni kumrudisha mtendaji pale anapojulikana: "Anatuhumiwa kumbaka." Saa na mahali vibaki kwenye maelezo ya polisi, vinahitajika huko. Kwenye habari vitaje ikiwa vina kazi, kwa mfano polisi wanatafuta mashahidi wa eneo hilo.

Na wakati tuko kwenye -w-: kuoa na kuolewa. Msikimbilie kulipiga marufuku. Mwanamke wa pwani au wa bara anasema "nimeolewa" kwa fahari yake na hakuna aliyemdhalilisha. Ila kwenye nyaraka andika "kufunga ndoa" au "kuoana", kwa sababu inafanya kazi kwa wote wawili na haikulazimishi kuamua nani mtenda. Sikilizeni pia kinachotokea neno likivuka upande: mwanamume anayetunzwa na mkewe anaambiwa "ameolewa". Hapo ndipo mnajua kauli ya kutendwa inabeba nini.

Mzee wa Gahawa

Haya, hilo la kuolewa nimelikubali nusu. Mwanamume wa hivyo huku mtaani tunamwita Mario.

Nesi wa Wodi ya Wazazi

Kutoka upande wa afya, matatizo matatu ambayo hayaonekani kama matusi.

La kwanza ni mama kwa kila mwanamke. "Mama, njoo dirisha namba 2." Kwa wengi ni heshima, na tuache hivyo. Lakini anayekuja kufuata majibu ya ugumba, au aliyepoteza mtoto wiki iliyopita, au binti wa miaka 17 aliyekuja kwa uzazi wa mpango, neno hilo linamfikia vingine. Suluhisho halina gharama: kadi iko mkononi, jina limeandikwa, muite jina. "Bi Rehema" au "dada Rehema" kama ni kijana. Mabango yanayosema "akina mama wote mnakaribishwa kupima saratani ya mlango wa kizazi" yanawafungia nje wasiozaa, na wao pia wana mlango wa kizazi. Andika "wanawake".

La pili ni mimba na ujauzito. Kamusini ni jambo moja. Mdomoni zimegawanywa: mke wa mtu ni mjamzito, mwanafunzi "ana mimba", na mbuzi pia ana mimba. Ukisoma gazeti moja kwa wiki utaona mgawanyo huo huvunjwa mara chache. Waandishi wa elimu waliligundua hilo: tangu Tanzania iliporuhusu mwaka 2021 wasichana waliojifungua kurudi shule, utaona maandishi ya "waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito". Hilo ni zuri. "Waliopata mimba" si tusi, lakini chagua moja na ulitumie kwa wote, wa ndoa na wasio wa ndoa.

La tatu ni kuzalishwa. Mkunga anamzalisha mama: hapo ni huduma, mikono na glavu. Mtaani "kazalishwa akaachwa", na anayesemwa hapo ni mwanamke kana kwamba ni shamba. Kitenzi ni kimoja. Kwenye habari andika "ana mtoto mmoja", na kama mtoto hahusiki na habari, usimtaje. Tukifika kwa "singo maza" ni hivyo hivyo: "anayelea watoto peke yake" ni maneno manne, yanatosha. Singo faza akitajwa hupigiwa makofi, singo maza huulizwa alifanya nini.

Tasa na mgumba: mgumba ni mwanamume au mwanamke asiyezaa. Tasa limeelekezwa kwa mwanamke na kwa mnyama jike (na kwa namba, lakini namba haziumii). Kliniki tunasema "wenza wenye tatizo la kupata mtoto", kwa sababu kipimo cha kwanza ni cha wote wawili, na mara nyingi mume ndiye hakuja.

Bamutu wa Katanga

Jambo kidogo kutoka Lubumbashi, kwa sababu redio zenu tunazisikia mtandaoni. Huku "bibi" ni mke. "Bibi yake anauza soko" maana yake mkewe, hata kama ana miaka 22. Mtanzania akisikia anatafuta nyanya mzee. Na msichana huku ni "mutoto mwanamuke", hakuna ubaya ndani yake. "Mama" kwetu ni heshima ya kila siku, ya muuza unga na ya waziri. Kwa hiyo mwongozo useme ni wa wapi. Msiandike "bibi ni kumzeesha mtu", sababu mtakuwa mmetutukania wake zetu wote.

Mpwani Asilia

Kweli kabisa, na hata Tanganyika hiyo ya bibi-ni-nyanya ni ya juzi. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuongoza tawi la wanawake la TANU mwaka 1955 hakuwa amefika miaka 30. "Bibi" lilikuwa cheo, mwenzake Bwana. Watoto wa leo wakisikia jina lake wanamchora kikongwe na fimbo.

Kwa barua, "Bi" linatosha kwa mwanamke yeyote, aliyeolewa na asiyeolewa. Na Tanzania mlikuwa na dawa nzuri kuliko hiyo, "Ndugu". Ndg. Asha, Ndg. Juma. Haikuuliza jinsia wala ndoa. Siku hizi mmeiachia zaidi vikao vya chama.

Mkalimani Muscat

Kwa walioko Ghuba neno ni khadama, au kadama kama linavyosemwa Kenya na Uganda. Kwa Kiarabu linatoka kwenye kuhudumu. Mkataba wa kazi hauliandiki hivyo. Mkataba husema amilat manzil, mfanyakazi wa nyumbani. Khadama ni la mdomoni, na likishaingia kwenye Kiswahili linabeba picha moja: mwanamke Mwafrika, pasi yake kashika mwajiri. Ukitafsiri mkataba usilete khadama mahali ambapo Kiarabu chenyewe hakikulisema. Ukitafsiri maneno ya shahidi aliyelisema, liache lilivyo, ndani ya alama za kunukuu. Huo ni ushahidi, haulainishwi.

Wakili wa Kata

Hapo hapo: hausigeli, beki tatu, dada wa kazi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 189 wa mwaka 2011 unamtaja "mfanyakazi wa nyumbani", na faida ya jina hilo si adabu tu. "Dada" hana saa za kazi. Dada halipwi likizo. Mwajiri akiulizwa mshahara hujibu "huyu ni kama ndugu yetu". Neno mfanyakazi linafungua mlango wa kuuliza mkataba uko wapi. Ndiyo maana wengine wanapenda "dada": ni tamu na ni nafuu.

Kalamu Nyekundu

Nimejaa. Naweka hapa rasimu ya kubuni niliyoitunga kwa mtindo tunaoujua, halafu niikate mbele yenu.

*Jimama lanaswa na misokoto 40. Mwanamama mmoja mrembo, mama wa watoto watatu aliyeachika, maarufu kama Mama Jeni, amenaswa na polisi akiwa na misokoto 40 ya bangi chumbani kwake Mbagala.*

Jimama + la-: nje, kwa sababu za Ngeli. Mwanamama: namgeuza kuwa mwanamume, kujaribu. Ningeandika "mwanababa mmoja"? Sijawahi kuliona. Nje. Mrembo: bangi haijali. Watoto watatu: hawahusiki, na sasa shuleni watajulikana. Aliyeachika: mwanamume angekuwa "aliyeacha", na nisingelitaja. Mama Jeni: hapa nasita. Amenaswa: mnyama ndiye hunaswa, lakini hilo tunawaandikia hata wanaume, kwa hiyo ni kosa la habari za polisi kwa jumla.

Inabaki: *Polisi wanamshikilia mkazi wa Mbagala mwenye umri wa miaka 34 kwa tuhuma za kukutwa na misokoto 40 ya bangi.*

Imepungua kutoka maneno 29 hadi 19 na hakuna taarifa ya maana iliyopotea, tena umri wake umeongezwa.

Nesi wa Wodi ya Wazazi

Mama Jeni mtoe. Jina la mtoto halipaswi kuwa kwenye habari ya bangi, hata kama ndilo jina la mama mtaani.

Wakili wa Kata

Tena hilo la Mama Fulani lina madhara ya karatasi. Kwenye mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) vikundi huleta daftari la wanachama lenye "Mama Juma", "Mama Eliza", "Mama Salma wa juu". Akaunti ya kikundi inafunguliwa kwa majina ya kitambulisho cha Taifa. Hapo katibu anaanza kuuliza nani ni nani, na wapo wanaojuana miaka 15 bila kujua jina la pili. Mtaani ni heshima kubwa, iendelee. Kwenye daftari weka safu mbili: jina la kitambulisho, jina analofahamika.

Mtangazaji wa Zamu

Swali kwa Kalamu: mwanamama na mwanadada unayaondoa yote?

Kalamu Nyekundu

Kwenye taarifa ya habari, ndiyo. Kwenye burudani "mwanadada" limezoeleka na wasanii wenyewe hulitumia, sitapigana nalo. Lakini angalau tujue ni la upande mmoja, "mwanakaka" halijazoeleka.

Ngeli ya Kwanza

Nina pingamizi dogo. Kutaja jinsia kusiwe haramu, maana neno lisilo na jinsia linaweza kuficha jambo. Mauaji ya Kanda ya Ziwa yaliitwa "mauaji ya vikongwe". Kweli "vikongwe" ni ki-vi, na linastahili kuondoka. Mtu akaandika "mauaji ya wazee", ngeli imepona. Lakini waliolengwa zaidi walikuwa wanawake, wakiitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu ya miaka mingi ya moshi jikoni. "Wazee" limewafanya wasionekane. Hapo mwandishi lazima aseme "wanawake wazee". Kwa hiyo kugeuza peke yake hakutoshi. Ongeza swali la pili: jinsia ni sehemu ya sababu ya tukio? Kama ndiyo, itaje wazi.

Mzee wa Gahawa

Na changudoa je? Maana hilo ni samaki, mmelalamika chakula, mmelalamika mzigo, samaki mmemwacha.

Nesi wa Wodi ya Wazazi

Hatujamwacha. Miradi ya afya husema "wanawake wanaofanya biashara ya ngono". Ni refu, lakini linataja kazi na halimtaji mtu mzima kwa kazi hiyo. "Dada poa" ni la kuficha aibu, ila angalau lina mwenzake, kaka poa. Na mteja hana jina. Tafuta kamusi nzima: muuzaji ana majina kumi, mnunuzi ni "mteja", kama wa duka la sukari.

Kalamu Nyekundu

Hiyo naiweka juu kabisa ya ukurasa.

Ukurasa una nafasi ya mistari minne tu sasa. Kwa wenye shaka kwamba maneno hubadilika: "zeruzeru" lilikuwa la kawaida, leo mtangazaji akilitamka simu zinaita studio. Mtu mwenye ualbino limeingia kwa kurudiwa hewani kila siku.

Nimekwama kwenye neno moja: mama ntilie, mwanamke anayepika na kuuza chakula mtaani. Ofisi zinataka mama lishe. Wenyewe mnasemaje?

Mtangazaji wa Zamu

Kwetu mama mboga limepanda cheo tangu kampeni za 2022, wanasiasa wote wanalo mdomoni. Siwezi kuwashauri.

Ngeli ya Kwanza

Mama ntilie si jina alilojipa, ni sauti ya mteja aliyenyoosha sahani: "Mama, n'tilie." Mama lishe linamtaja yeye na kazi yake, na lina baba lishe, ambalo halmashauri zinaliandika bila aibu. Rasmi, mama lishe. Lakini ukimhoji na akajiita mama ntilie, muandike alivyojiita.

Mzee wa Gahawa

Na yule mwanamume anayeuza wali pale stendi? Wateja wanamwita "bosi".